Ng'ombe wa Mama Tupokigwe Hakuwa Ubao

Siku moja ya mvua kule Kyimo hainitoki akilini, mwanangu, ingawa nimekwisha kusahau mengi. Nilikuwa kijana, mwalimu mpya wa mifugo katika chuo kidogo cha vijijini huku kwetu Rungwe, na nilipenda kufundisha kama mlevi anavyopenda pombe. Kupenda kazi si kosa. Lakini sikiliza.

Karibu na chuo aliishi mjane mmoja, Mama Tupokigwe. Ng'ombe wake wa maziwa alimpata kwa utaratibu ambao bado upo: ukipewa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, ndama jike wa kwanza atakayezaliwa si wako, ni wa jirani aliyepangiwa. Jirani huyo alikuwa Atupele, mama mwenye watoto wadogo na kikombe cha maziwa hana. Mimba ilipoonekana tu, Atupele alijenga banda, akaliezeka, akawa kila asubuhi anamkatia majani yule ng'ombe wa mwenzake na kumpelekea kichwani. "Namlisha mwanangu," alisema, watu wakacheka. Habari za kwamba huenda akazaliwa dume hakutaka hata kuzisikia.

Siku ya kuzaa ikafika, uchungu ukaanza alfajiri, ndama hatoki. Nikaitwa, nikaenda na wanafunzi wangu wote. Nilinawa kwa sabuni, nikaingiza mkono, na tatizo nikalikuta palepale: mguu mmoja wa mbele umekunjika kwa nyuma. Kuunyoosha nilikujua. Ningemaliza kabla chai haijapoa.

Sikuunyoosha. Niliutoa mkono nikawageukia wanafunzi. Jambo lile nilikuwa nalichora ubaoni tu, na sasa hili hapa, hai.

"Nawaneni, mpange mstari," nikasema. "Kila mmoja aguse, aniambie amekuta nini."

Utani ukaanza. "Wewe si ulisema umezaliwa zizini? Mbona unarudi nyuma?"

"Nimezaliwa zizini, bwana, sikuzaliwa na ng'ombe!"

Nami nikacheka nao. Huyu akisema goti, yule akisema kichwa, nikasahihisha, nikauliza tena. Msichana mmoja akapiga kelele, "Mwalimu, ndama kavuta mguu! Yuko hai!" Wote wakashangilia. Ng'ombe akaguna, akajilaza.

Atupele alikuwa amesimama mlangoni, mzigo wa majani kichwani, maji yanamchuruzika usoni. "Mwalimu, samahani. Huyu amechoka."

"Subiri kidogo, mama. Hapa sasa hivi ni darasani."

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, nami nikajificha nyuma ya methali hiyo. Lakini ziko siku, mwanangu, ambapo polepole ndiyo isiyo na baraka. Nilipokuja kuunyoosha ule mguu na kumvuta ndama, alitoka jike, mzuri, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji. Nikamsafisha pua, nikamsugua kwa majani makavu, nikampulizia. Hakuvuta pumzi. Mama yake akainuka kwa shida, akaanza kumlamba.

Hapo nikausikia mdomo wangu ukisema kwa sauti ya darasani, "Ndama wengine hufia tumboni mapema. Hakuna ambacho kingefanyika." Wanafunzi wakaitikia kwa vichwa. Yule msichana akatazama chini.

Atupele hakulia. Aliutua mzigo, akaufungua, akamsogezea ng'ombe majani. "Kula, wewe. Wewe huna kosa."

Mama Tupokigwe akanimiminia maji ninawe. Akasema taratibu, wengine wasisikie, "Mwanangu, ungemzalisha kwanza. Wangekuona unavyomhurumia, wangejifunza. Na leo pia wamejifunza, maana ulikuwa unafundisha muda wote. Ila sijui wameondoka na nini."

Uzao uliofuata ulikuwa dume. Banda la Atupele likawekwa kuni. Wanasema mchuma janga hula na wa kwao, lakini mimi janga nililichuma peke yangu, wakalila wengine. Kila nilipopita pale nikienda mjini Tukuyu niligeuza uso upande wa migomba, na kila mara yeye ndiye aliyeanza kunisalimu. Nilikuja kumwambia ukweli nikiwa nimeshaota mvi.

"Nilijua, Mwalimu," akasema. "Si nilikuwa mlangoni?"

Basi wewe unayeanza kuwafundisha wenzako kutunza wanyama, nakuomba uchukue hili kwa mzee aliyechelewa. Nasikia siku hizi kila mwanafunzi ana simu, na mnyama akiwa taabani wanazunguka kumpiga picha. Mwondolee taabu kwanza. Somo halitakimbia, na huruma yako ndiyo somo lenyewe. Mwenye mnyama akikwambia amechoka, usimwambie hapa ni darasani, maana yeye alikuwa pale kabla ya darasa lako na atabaki baada yake. Na siku utakayokosea, kwa kuwa utakosea, kiri palepale mbele ya wale wale waliokuona. Ukiahirisha, aliyeumia atakusalimia miaka yote, na hakuna salamu nzito kama hiyo.

Mungu akupe mkono mwepesi na sikio jepesi zaidi. Na kila banda utakaloingia, mwanangu, uliache likiwa na sauti ya ndama.