Kijiji Ambacho Sikwenda Kukipima

Mwanangu, iko siku moja ambayo hata nikitaka kuisahau, yenyewe haikubali. Ilikuwa siku ya mvua. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, nimejibanza kwenye kibanda cha chai kijijini Kikwe, pikipiki yangu imejaa tope hadi kwenye kiti. Mezani nilikuwa na karatasi ya kazi, na katika karatasi ile mstari mmoja tu ulikuwa mtupu. Nikachukua kalamu nikaujaza. Sikutumia hata dakika moja, na leo nina mvi kichwa kizima, bado naubeba.

Nikueleze kwanza kazi yenyewe. Siku hizi mtandao uko mfukoni mwa kila mtu, na ninyi vijana mnadhani ulikuwapo tangu kuumbwa kwa dunia.

Ofisi yetu ilikuwa ndogo, mjini Arusha, na mkuu wetu alikuwa Mzee Eliya, fundi wa redio wa miaka mingi. Tulipewa kazi ya majaribio. Kila kituo cha televisheni hupewa njia yake angani, ndiyo tunayoiita chaneli. Vituo vilikuwa vichache na chaneli nyingi, kwa hiyo nyingine zilikaa bure mwaka hadi mwaka, kama benchi la kanisani lenye jina la familia iliyokwisha kuhama. Sasa wakubwa wakasema, njia hizi tupu zipitishe mtandao wa shule na zahanati za vijijini. Mawimbi ya televisheni yana sifa yake, yanapenya migomba na kuvuka vilima mahali ambapo mtandao wa kawaida unakwama. Na mlima wetu Meru unaujua ulivyo huko juu, makorongo na migomba iliyoshikana.

Lakini lazima upime kwanza. Ukirusha mtandao kwenye chaneli yenye mwenyewe, utawaharibia watu picha zao. Basi nikapewa kipimio, antena na orodha ya vijiji. Nifike kila kijiji, nisikilize chaneli moja moja, niandike ipi inatumika na ipi iko tupu.

Vijiji vya Nduruma nilivipima vizuri, sina deni navyo. Kikwe pia. Kikabaki kimoja, cha juu kabisa mteremkoni, jina lake nitalihifadhi. Barabara yake ni udongo mwekundu, na mvua ikinyesha hugeuka sabuni. Nilijaribu kupanda nikaanguka mara mbili, nikarudi Kikwe kunywa chai. Hapo ndipo nilipokumbuka rejista ya zamani ya ofisini. Ilisema chaneli zote za upande ule zilikwisha kupewa mnara mmoja wa kurushia matangazo. Nikajiambia, kama rejista imesema, mimi ni nani wa kubishana nayo? Nikaandika: "Zimejaa."

Kijiji kikakatwa kwenye majaribio kwa neno lile moja.

Miezi miwili baadaye akaja mzee ofisini. Alikuwa amevaa koti safi, mguu mmoja una kiatu, mwingine una kandambili na kitambaa cheupe kimezungushwa kwenye vidole. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa taratibu. Alijitambulisha kwamba ni Mwalimu Anaeli, mstaafu, kutoka kijiji kile cha juu.

"Barua yenu tumeipata," alisema. "Imesema angani kwetu kumejaa. Mimi nikashangaa. Nina televisheni ya zamani, ile ya kuzungusha kitufe, naiwasha kwa betri ya gari. Nikaamua kuzungusha chaneli zote, asubuhi na jioni, wiki mbili."

Akatoa daftari la shule. Mwandiko wa mwalimu, mwanangu, mistari imenyooka kama amepima kwa rula. Kila siku ameandika namba ya chaneli, na mbele yake neno moja: chenga, zile punje nyeupe za skrini isiyo na kituo. Chenga. Chenga. Ukurasa baada ya ukurasa. Katika chaneli zile tulizosema zimejaa hakukuwa na kituo hata kimoja.

"Tumekwisha kusimamisha nguzo ya antena pale zahanati," akaendelea. "Nesi wetu yuko peke yake. Simu hazishiki mpaka ushuke Kikwe. Akipata mtandao ataweza kuwauliza madaktari wa mjini. Sasa nimekuja kuuliza mimi. Kijana aliyekuja kupima ni nani?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Ulifika kwetu?"

Mzee Eliya siku ile alikuwa Moshi. Tulikuwa wawili tu. Stoo bado ilikuwa na mitambo ya vijiji viwili ambayo haijapangiwa mahali. Ningesema, "Hapana Mwalimu, sikufika, nisamehe," kijiji kile kingeingia. Wahenga wamesema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nikajikwaa ulimi nikiwa nimekaa kwenye kiti.

"Nilifika," nikasema.

Hakubishana. Alilisukuma daftari mbele yangu, akasema, "Basi litazame hili ukipata nafasi," akaniaga. Nilimtazama akishuka ngazi, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Nikalifungia daftari kwenye droo. Mzee Eliya aliporudi sikumwambia kitu, na mwezi huohuo mitambo ile miwili ikapelekwa kwingine.

Usiniulize nilikuwa nikiogopa nini. Kazi, labda. Au aibu ya kuonekana mvivu mbele ya wenzangu. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na kilio hakikuchelewa.

Mvua zilipokwisha, moyo ukanishinda. Jumamosi moja nilichukua kipimio bila kuaga mtu, nikapanda. Nilipima kuanzia asubuhi hadi jua likawa utosini. Chaneli zilikuwa tupu zote. Watu wa huko wakaniambia mnara ule wa kwenye rejista ulizimwa siku nyingi, vyuma vyake vilikwisha kung'olewa. Nikaulizia nyumba ya Mwalimu Anaeli ili nikamwombe radhi. Nilipofika nikakuta vijana wanapakia viti vya kukodi kwenye gari. Alikuwa amezikwa Alhamisi.

Sababu ilikuwa ule mguu. Alikuwa na kisukari, na kidonda kidogo cha kidoleni kikapanda. Nesi, dada mmoja mwembamba aitwaye Ndeshi, ndiye aliyenisimulia tukiwa tumesimama kwenye shamba la kahawa.

"Nilikuwa nakisafisha kila siku," alisema. "Nilikiona kinabadilika rangi, lakini sikujua kama ni cha kumpeleka hospitali au cha kuvumilia. Yeye mwenyewe alikataa kushuka, alisema barabara ni mbaya, tungoje. Tulipomshusha ilikuwa imechelewa."

Nikamwuliza, kama mngekuwa na mtandao?

Alikuwa mtu mkweli, hakutaka kunipa jibu jepesi. "Siwezi kusema angepona. Lakini ningeuliza. Ningepiga picha ya mguu, ningewauliza wenzangu wa mjini. Sikuwa na wa kumuuliza, kaka."

Maneno yale ndiyo ninayoyabeba. Angesema "ungemwokoa," ningelia yakaisha. Angesema "isingesaidia," ningepata nafuu. Alinipa ukweli, na ukweli ule hauna mlango wa kutokea.

Niliingia kwa mjane wake. Alikuwa amekaa jikoni na wanawake wawili, akaniwekea bakuli la loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, kabla sijafungua mdomo. Nikamwambia yote, kibanda cha chai, kalamu, uongo wa ofisini. Mama yule akasogeza kuni kwenye mafiga.

"Alijua," alisema. "Barabara inapita mlangoni kwetu, na mgeni mwenye antena angeonekana. Siku ile alirudi akaniambia, kijana hakufika. Nikamwambia aandike barua kwa mkubwa wako. Akakataa. Akasema, nikiandika watamfukuza kazi, naye bado ni mtoto. Tumngoje, atarudi mwenyewe."

Kisha akasema, bila ukali wowote, "Alikuwa akiuliza kila akisikia pikipiki. Kula, baba, usiache chakula."

Nikala. Sijui nilikula nini.

Jumatatu nilimweleza Mzee Eliya. Nilitegemea ataningurumia. Alivua miwani akaiweka mezani. "Mimi ningekusamehe mvua," alisema. "Nimefanya kazi hii miaka thelathini, hata mimi nimewahi kurudi njiani. Lakini ulikuwa na siku nyingi za kusema, moja baada ya nyingine. Hukusema." Akanipa karatasi nyeupe niandike upya vipimo vya kijiji kile, kwa mkono wangu, na chini nieleze kwa nini vya kwanza vilikuwa uongo. Hakunifukuza. Karatasi ile tuliipeleka kwa wakubwa, lakini majaribio yalikuwa yamefungwa. Kijiji kile kilikaa miaka mingi ndipo kikapata mtandao, kwa mnara wa kampuni ya simu. Dada Ndeshi alikuwa amekwisha kuhamishwa.

Basi sikia, mwanangu, uwe unapima mawimbi, au shamba, au damu ya mgonjwa. Usiandike usichokiona. Karatasi ya zamani inakuambia jana palikuwaje. Leo lazima uende kwa miguu yako. Na kitu kinachokaa bure, hewa, ardhi, chumba, hata elimu yako, usiseme kina mwenyewe kabla hujauliza, maana yuko mtu mahali amekwisha kusimamisha nguzo anakingoja. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, sema siku hiyohiyo. Kosa lililosemwa mapema lina dawa. Likilala, wanaolipa ni wengine. Na akitokea mtu akakungoja kwa upole, usiuchukue upole wake kuwa ahadi ya siku nyingi.

Mungu akupe miguu ya kufika unakotumwa, na ulimi mwepesi wa kusema "sikufika" pale usipofika. Akujalie watu wa kukungoja, na akufikishe kwao wakiwa wazima.