Nilizima Trakshen Mbele ya Mkwe

Hii habari nimeshachoka kuieleza, na nyie mnaonicheka kila tukikaa hamjui hata nusu yake, kwa hiyo leo naimwaga yote, mcheke mara moja yaishe. Aibu yenyewe niliitafuta mwenyewe, kwa kidole gumba.

Ilikuwa siku ya vijana parokiani Endagikot, mvua imenyesha tangu asubuhi, mpira umeshindikana, uwanja wote matope, basi vijana wakafunga projekta ukumbini, wakaleta gemu la magari, picha inatokea ukutani kubwa kama mlango wa ghala, na kila aliyekimbia mvua akajazana humo (akina mama wengine hawajawahi kuona gemu, wakawa wanauliza dereva yuko wapi). Nikafika fainali, mimi na Bura, fundi pikipiki, mtu mpole ambaye anacheza na misaada yote imewashwa, trakshen juu kabisa, stebiliti juu kabisa, na wala haoni haya.

Kwa wasiojua, trakshen inazuia tairi zisizunguke bure ukikanyaga mafuta, na stebiliti inazuia gari lisikae upande kwenye kona. Ukizizima, gari linakimbia zaidi, ila kulishika ni kazi yako mwenyewe.

Sasa Emiliana alikuwa amekaa benchi la pili. Wiki ile ile baba yangu mdogo alikuwa aende kwao kunipigia hodi ya uchumba, na mimi kwa akili zangu nikaona ni vizuri binti ajue anaolewa na nani. Nikafungua menyu, nikashusha trakshen hadi sifuri, stebiliti nikazima, nikasema kwa sauti ili benchi la pili lisikie, "Haya ni magongo ya wagonjwa."

"Kaka, hata humo ndani ya gemu kunanyesha," Bura akaniambia.

Nikamwambia acheze lake.

Na kweli nilikuwa naongoza, siwezi kudanganya, lakini kidole hakipumziki, mafuta unayagusa kwa kupapasa kama unakamua ng'ombe mwenye kidonda, ukizidisha kidogo tu mkia wa gari unakuja mbele. Jasho lilinitoka, mabega yaliuma, na bado nilikuwa natabasamu, mjinga mimi.

Mzunguko wa mwisho akaingia Mzee Ombay, baba yake Emiliana, mwenyekiti wetu wa parokia, akawa anapita kusalimia watu mmoja mmoja kwa mkono kama kawaida yake. Mnajua kwetu. Mzee akisimama mbele yako unainuka, unatoa mkono, unasema shikamoo, mengine yatasubiri. Akaanza na Bura. Bura akasimama, pedi ya kuchezea gemu kaishika kwa mkono mmoja, "Shikamoo baba," akapewa marahaba yake, na gari lake likaendelea tu kunyooka barabarani kama punda anayejua nyumbani. Kisha mzee akaja kwangu.

Mkono wake niliuona. Na kona ya mwisho niliiona. Nikainuka nusu, macho ukutani, nikasema shikamoo, nikampa kiwiko.

(Kiwiko tunampa mtu tukiwa tunalima, mikono ina udongo, na ni adabu kabisa. Lakini ni shambani.)

Mzee akakishika. Akakitikisa kwa heshima zote, na kwa mtikiso ule kidole changu kikazama kwenye mafuta hadi mwisho, tairi zikazunguka bure, gari likapiga mizunguko miwili, likaishia kwenye nyasi limeangalia tulikotoka. Bura akanipita taratibu, karibu aombe radhi.

"Unatoka kulima?" mzee akaniuliza.

"Hapana, baba."

Akaangalia mikono yangu, safi kabisa, imekumbatia pedi. Marahaba hakunipa. Akaenda benchi la pili. Kicheko kilianzia kwa akina mama, kikazunguka ukumbi mzima, ila Emiliana hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma, afadhali angecheka.

Baba mdogo alikwenda kwao kama tulivyopanga, akarudi mapema mno. "Amesema ukishanawa mikono uende mwenyewe."

Nikaenda. Akanikabidhi jembe, nikalima kwa mzee yule, nikavuna mahindi yake na maharage yake, mimi muuza vocha ambaye jembe nilikuwa naliona kwa jirani, mgongo huu haujarudi sawa hadi leo, lakini Emiliana nilipewa, nashukuru Mungu.

Siku hizi nacheza trakshen juu kabisa na stebiliti juu kabisa, na nikisikia hodi pedi naiweka chini, mwenye kucheka acheke. Ila haisaidii kitu. Jumapili iliyopita tumekwenda ukweni, mzee amekaa nje, amenawa, amevaa koti lake la kanisani, nikainama, nikanyoosha mikono yote miwili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," akasema, akanipa kiwiko.

Nikakishika, kama ninavyokishika kila Jumapili.