Karatasi Zilizomtafuta Mama

Askari wa meza ya ripoti alimwuliza Susu swali lile lile mara tatu.

"Wewe ni nani wake?"

"Ni mke wangu."

"Nyanya, nauliza huyu Mukai aliyepotea. Ni binti yako? Ama ni mke wa kijana wako?"

"Sina kijana. Ningekuwa na kijana ningeoa kwa nini? Nilimwoa mimi, Kalondu, kwa mbuzi na asali na pombe, na wazee wakala wakashiba. Andika."

Askari akamwita mwenzake aje asikie. Walicheka, si kwa ubaya sana, kisha akaandika: mama mkwe. Susu hajui kusoma. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ameandika nini?" Nikamwambia ameandika vile umesema. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika mambo haya.

Kwetu Kola jambo hili halina haja ya kuelezwa, lakini nimeona vile watu wa mbali walilipindua, kwa hiyo nitalieleza. Kalondu aliolewa na mzee Mulwa, na hakupata mtoto. Mzee akafa, boma likabaki na mjane, shamba la mteremko, na jina lisilo na wa kulibeba. Kwa desturi yetu mwanamke wa namna hiyo anaweza kuoa mwanamke, ambaye tunamwita iweto, na watoto atakaozaa ni wa boma hilo. Kalondu alikwenda mpaka Kithimani akamwoa Mukai, msichana wa miaka kumi na tisa. Nikazaliwa mimi, halafu ndugu yangu. Sisi tunamwita Kalondu Susu, yaani nyanya. Mama alimwita Mwaitu, mama yangu. Waligombana kwa sababu ya chumvi kila jioni, na Jumapili Mama alimnyoa Susu nywele kwa wembe, polepole, akimshika kidevu kama anashika yai. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukishika kile kichwa.

Mama alipotea siku ya soko, Agosti 2006, wakati ukame ulikuwa umekaa mpaka mbuzi wanatafuna karatasi za sukari. Aliondoka asubuhi na mbuzi mmoja kwa kamba na jerikani ndogo mgongoni. Alikuwa auze mbuzi arudi na unga. Jua likazama. Susu akakaa mlangoni akasema, "Huyu amepatana na watu njiani." Asubuhi hakusema hivyo tena.

Walioanza kumtafuta ni wanawake wa mwethya. Mwethya ni kikundi chetu cha kazi. Wanawake ishirini na wawili, Susu akiwa mmoja wao, wanachimba mtaro wa huyu leo, wiki ijayo wa yule, kwa zamu, na hakuna anayeruka zamu hata akiwa na mimba ya miezi minane. Mwenyekiti wao ni Kalunde, jirani yetu, tunatenganishwa na ua wa mikonge. Walishuka mtoni wakatembea kutoka darajani wakiita jina la Mama. Wakati wa kiangazi mto wetu ni mchanga mtupu, maji tunayafukua chini yake, na watu wa malori ya mchanga walikuwa wameuchimba ukingo kutoka chini mpaka ukainama juu kama paa. Siku ya pili wanawake walifika kwenye majabali. Kutoka hapo hadi kona ya mto kulibaki mwendo wa nusu saa. Wakasema wataumaliza kesho.

Kesho hiyo ndiyo karatasi zilikuja.

Zililetwa na Aloys, ambaye ana sayiba Machakos mjini, kompyuta sita na printa moja. Ni mtu wa roho nzuri, na hilo nitalisema hata leo. Yeye ndiye alichukua picha ya Mama akaiweka kwenye kibaraza cha mtandao ambako Wakamba wa ng'ambo huwa wanaongea. Alimwambia Susu, "Mama, hawa watu wako dunia nzima. Macho elfu yanaona kuliko macho ishirini." Sasa alikuwa amerudi na majibu, karatasi kumi na nne, akazisoma mbele ya kinu cha posho, na watu wakaacha foleni wakamzunguka.

Wa kwanza alisema poleni. Wa pili aliuliza kama ni kweli huyo mwanamke ameolewa na mwanamke mwenzake, na kutoka hapo hakuna aliyekumbuka tena kwamba mtu amepotea. Wa London akasema ndiyo sababu Ukambani mvua hainyeshi. Mwingine akasema, "Mume hana ndevu, mke ameenda kutafuta ndevu." Kwenye kinu walicheka. Hata mimi tumbo langu lilianza kucheka kabla halijakumbuka ni nani anasemwa.

Halafu kulikuwa na mmoja aliyejiita Mwana wa Kola. Yeye hakutania. Aliandika kwamba amepata habari kutoka kwa mtu wa karibu kabisa. Kwamba siku hiyo Mukai alionekana sokoni akicheka na Msomali mnunuzi wa mbuzi, akiwa na mfuko wa kijani umejaa nguo, na gari la huyo Msomali likashika njia ya Kithimani.

"Nguo!" mwanamke mmoja akasema. "Mmesikia? Mfuko umejaa nguo."

"Sisi tunakanyaga mchanga hapa bure," Kalunde akasema, "na hata Amerika wanajua."

Mfuko wa kijani tulikuwa nao mmoja tu. Nilikimbia nyumbani nikauleta, mbegu za ndengu zikiwa bado ndani. Kalunde akautazama.

"Basi alinunua mwingine," akasema.

Mwana wa Kola ni Muli, ndugu yake Kalunde, anayefanya kazi ya kuosha wazee huko Atlanta. Siku moja baada ya Mama kupotea nilikuwa upande wetu wa mikonge nikamsikia Kalunde akiongea naye, akipiga kelele vile watu hupigia kelele simu ya mbali. "Mimi sijui, Muli! Labda alikuwa na ule mfuko wake wa kijani! Labda ni yule Msomali, labda ameenda kwao Kithimani!" Maneno yalitoka kwenye mdomo wake yakavuka bahari, yakarudi yamepigwa chapa, na yeye mwenyewe akayaamini. Zile labda zote zilibaki baharini.

Hayo niliyasema pale pale, mbele ya kinu.

"Mnaona huyu?" Kalunde akawaambia watu. "Kazi yake ni kusikiza simu za watu wakubwa."

Na siku hiyo hakuna mtu aliyeshuka mtoni.

Wiki iliyofuata yule Msomali alikuja kwetu. Anaitwa Nuradin. Alikuja kwa miguu, gari alilificha mbali kwa sababu sokoni walikuwa wamelivunja kioo kwa mawe. Alisimama kwenye mlango wa boma na kofia mkononi.

"Mama, salamu. Mimi ndiye yule Msomali."

"Karibu kiti, Msomali," Susu akasema.

Hakukaa. "Mbuzi wake nilinunua mimi. Nilimwambia huyu mbuzi ni mkonde. Akaniambia, hata wewe ni mkonde na hakuna mtu amekupeleka soko. Tukacheka. Ni hapo tu nilicheka na yeye, wallahi. Halafu akaenda, na hakushika barabara. Alishuka njia ya mto na jerikani yake. Alisema maji ya kona ni matamu kuliko ya darajani."

Susu aliinamisha kichwa. Mama alisema hivyo kila siku. Sisi nyumbani tulikuwa tumechoka kusikia utamu wa maji ya kona.

"Polisi umewaambia?"

"Niliwaambia. Wakaniuliza hiyo jerikani nimeificha wapi."

Aliondoka bila kunywa chai, na tangu hapo hajanunua mbuzi Kola.

Tukashuka sisi wawili, Susu na jembe, mimi na beleshi. Kati ya majabali na kona ukingo ulikuwa umeanguka mahali patano. Patano, na kila mahali mchanga wa kujaza malori. Susu alikuwa na miaka sabini. Ukitoa beleshi moja, beleshi mbili zinateleza kutoka juu. Jioni ya siku ya nne alikaa juu ya jembe akasema, "Hii ni kazi ya mwethya."

Zamu yetu ilikuwa inakuja, Jumanne ya pili ya Septemba. Susu akaenda kwenye mkutano wao, nami nyuma yake.

"Zamu yangu nataka ichimbwe mtoni," akasema.

"Zamu ni ya shamba, Mama," Kalunde akamjibu.

"Zamu ni yangu."

"Tukichimba mtoni leo, kesho mtu atasema tumchimbie ng'ombe wake kaburi." Wengine wakacheka kidogo. "Na tumchimbe mtu ambaye yuko Kithimani anakula nyama? Hata imeandikwa."

"Watu wa Kithimani wametuma neno. Hajafika."

"Kwani ungetaka waseme nini? Waseme yuko, warudishe mbuzi zako za mahari?"

Susu alivua kiatu cha kulia. Mguu huo hauna kidole kidogo. Mwaka wa 1984, mtaro ukichimbwa kwa Kalunde, jembe la Kalunde lilikikata. Susu alifunga mguu kwa jani la mgomba akamaliza mstari wake, akasema zamu ya mtu haiachwi. Wote pale waliijua hadithi hiyo, ndiyo waliyokuwa wakiwasimulia wanawake wapya.

"Hiki nilikiacha kwako," Susu akasema.

Kalunde aliutazama ule mguu. Machozi yalikuwa karibu, niliyaona, sitamwonea.

"Ndiyo maana tutakuja, Mama," akasema. "Tutakuja sote. Shambani."

Na walikuja. Jumanne, jua halijachomoza, wote ishirini na mmoja wakafika na majembe, wakaimba, wakachimba shamba letu la juu kutoka ua hadi ua. Hakuna aliyekosa, hata mmoja. Laiti wangekosa, nafikiri nisingeumia hivi. Walituchimbia mtaro mzuri kuliko mitaro yote ya mlima ule, ukuta wake umenyooka kama umepigwa kamba, na wakati huo wote Susu alisimama pembeni na jembe begani, uso kwa mto. Kutoka pale majabali yanaonekana. Saa sita wakamaliza. Susu akawapa uji, na alipomfikia Kalunde alimjazia kikombe sawasawa na wengine.

Tuliendelea wawili. Mpaka mwisho wa Oktoba tulikuwa tumemaliza mahali pawili. Pa kwanza hapakuwa na kitu. Pa pili jembe liligonga mfupa, na Susu akapiga magoti akaufukua kwa vidole, akiuambia maneno ambayo sitayaandika. Ulikuwa mfupa wa ng'ombe. Alikaa nao mapajani hata baada ya kujua.

Novemba mvua ikaja. Mwaka ule ilikuja kama imetumwa na mtu mwenye hasira. Mto ulishuka alasiri moja na mlio kama wa malori mengi, na tulipoweza kukaribia tena, ukingo uliokuwa umeinama haukuwepo, na mahali patatu palipobaki hapakuwepo. Mchanga ulikuwa mpya, sawa, mweupe, kutoka majabali hadi kona. Susu aliuweka mguu wake wa vidole vinne juu yake, akautoa. Huko juu mtaro wetu ulishika maji mpaka ukingoni, na watu walipita wakiusifu.

Malori yakarudi. Mchanga wa kona ndio bora, wanasema, unapelekwa Nairobi kujengea magorofa. Kila lori likipanda kutoka mtoni, Susu aliacha alichokuwa akifanya akasimama wima, vile watu husimama jeneza likipita. Hakuna tuliyemweleza kwa nini. Watoto walianza kumwiga.

Na kwenye kibaraza hawakunyamaza. Aloys aliendelea kuleta karatasi, kwa aibu sasa, akiandika kwa penseli maana ya Kiingereza chini, kwa sababu mimi niliacha shule darasa la tano. Mukai yuko Kithimani. Mukai yuko Garissa, amesilimu. Mukai aliuzwa na yule bibi kizee. Susu alikuwa anaziwashia moto bila kuuliza. Mimi nilizisoma zikiungua.

Januari Aloys alileta moja fupi. Mtu aliandika kwamba katika uwanja wa ndege wa Dubai alimwona mwanamke anayefanana kidogo na ile picha, lakini labda amekosea. Mistari miwili. Niliitupa kwenye kuni. Susu akanyoosha mkono akaitoa, akaipangusa jivu, akanipa.

"Soma."

Nikasoma.

"Soma tena."

Sasa mimi humsomea kila siku isyo ikiwa jikoni, na isyo ni mahindi na maharagwe, haivi haraka. Mistari miwili haitoshi, kwa hiyo naongeza. Jana aliuliza kama Mama amenenepa, nikasema imeandikwa amenenepa. Akauliza viatu. Nikasema vya ngozi, vyeusi. Alikoroga chungu, kichwa chake kimefunikwa na nywele nyeupe ambazo hajakubali mtu azinyoe.

"Na maji? Huko anakunywa maji gani?"

Niliitazama karatasi kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta mstari.

"Imeandikwa maji ya huko ni ya chumvi."

"Basi atarudi," Susu akasema.

Lori lilikuwa linapanda kutoka mtoni, tulilisikia likibadilisha gia penye kinu. Susu hakusimama.