Grili za Bi Herlinda

Upande wa magharibi wa San Antonio, ukikuta grili ya dirisha ambayo nondo zake zimepindwa ncha kama mkia wa nge, huna haja ya kuuliza fundi. Ni Eleuterio Zamarripa, ambaye watu wote humwita Teyo. Alianza kuchomelea akiwa na miaka kumi na saba katika karakana ya mjomba wake. Wezi walipouvamia mtaa, ile miaka ambayo watu walirudi kutoka kazini na kukuta mlango umelala chini na televisheni haipo, Teyo hakupata hata Jumapili ya kupumzika. Alifunga chuma nyumba baada ya nyumba, na wenye nyumba wakiagana naye walimwambia, leo tutalala.

Bi Herlinda Cavazos alikuwa mmoja wao. Alikuwa mjane aliyeishi kwa kushona nguo, na wezi waliingia nyumbani kwake mchana kweupe akiwa kanisani. Walibeba cherehani na kodiani ya marehemu mumewe. Cherehani alipata nyingine. Kodiani ndiyo iliyomliza. Siku hiyo hiyo alimfuata Teyo nyumbani kwake, bado amevaa gauni la ibada.

"Nataka nyumba ambayo hata mimi nikipoteza ufunguo, nitalala nje," alisema.

"Utalala nje kweli, Bi Herlinda."

"Si ndivyo nilivyosema?"

Basi Teyo akamfanyia kazi ambayo hakuwahi kumfanyia mtu. Mlango wa chuma aliuwekea kitasa kinachotaka ufunguo nje na ndani, ili mwizi akivunja kioo na kuingiza mkono asipate cha kuzungusha. Nondo za madirisha alizipitishia vyuma vya kulala, ili zisipanuliwe kwa jeki. Skrubu zilizoshikilia grili kwenye fremu za mbao alizisaga vichwa hadi zikawa laini kama kokoto. Mwizi hakurudi. Bi Herlinda akauvaa ufunguo shingoni kwa uzi mweusi, na hakuuvua tena.

Miaka ilipita. Habari zikaanza kusikika za watu walioungua ndani ya nyumba kwa kukosa pa kutokea, na mafundi wakaambiwa kila grili ya chumba cha kulala iwe na komeo la kufungulia kwa ndani. Teyo alijifunza kulitengeneza. Akamwendea Bi Herlinda kumwomba amruhusu abadilishe za kwake.

"Mlango unaofunguka kwa kidole kimoja," alimjibu akimmiminia kahawa, "mwizi naye ana kidole."

Teyo alicheka, akanywa kahawa yake, akaondoka. Hakulirudia jambo hilo. Kicheko kile kilikuja kumsumbua baadaye kuliko kazi yote aliyowahi kuiharibu.

Ilikuwa Julai, kama saa nne asubuhi, jua tayari limewaka. Teyo alikuwa na miaka sitini na minne na goti lililokataa ngazi. Simu ililia. Alikuwa Rosendo, jirani wa Bi Herlinda.

"Teyo, una ufunguo wa huyu mama?"

"Sina. Ni mmoja tu, na yuko nao. Kuna nini?"

"Nimegonga mpaka nimechoka, haitiki. Na hapa kibarazani pananuka gesi."

"Umewaita zimamoto?"

"Wanakuja. Wamesema nisubiri."

Teyo aliendesha gari mitaa mitatu bila kukumbuka hata taa moja ya njiani. Alilizima nyumba mbili kabla ya kufika, akashuka na mtaimbo, spana na bisibisi. Rosendo alimpokea anahema.

"Ile mashine yako ya kukatia iko nyuma ya gari? Niilete?"

"Iache huko huko. Cheche moja hapa, sote tunakwenda na paa. Na simu yako iweke mbali."

Alikwenda kwanza kwenye mita ya gesi ubavuni mwa nyumba, akatia spana kwenye vali yake na kuizungusha robo. Kisha akazunguka hadi kwenye swichi kuu ya umeme, ukutani kwa nyuma, akaizima, maana friji hujiwasha lenyewe bila kumwomba mtu ruhusa. Gesi mpya haikuingia tena. Lakini iliyokwisha kuingia ilikuwa mle ndani, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi.

Akachukua mpini wa ufagio, akaupitisha kati ya nondo na kuvunja vioo kimoja kimoja. Harufu ilimpiga usoni kama pumzi ya mgonjwa. Kwenye dirisha la sebuleni alichungulia. Mwisho wa ukumbi, sakafuni, aliona mguu mmoja wenye kandambili.

"Bi Herlinda, ni Teyo. Unanisikia?"

Sauti ikaja, nyembamba, imekasirika.

"Nani anavunja vioo vyangu?"

Rosendo alijishika kichwa. Teyo akaegemeza paji la uso kwenye nondo zake mwenyewe.

"Ni mimi. Umeumia?"

"Nimeanguka. Nyonga. Maharage yalikuwa jikoni, yatakuwa yamefurika."

"Yamezima moto, ndiyo maana gesi imejaa. Ufunguo unao?"

"Uko shingoni. Mkono nimeulalia, na huu mwingine hauinuki."

"Jaribu kidogo, mama."

Akamsikia akijaribu, kisha akasikia mlio ambao hakutaka kuusikia mara ya pili.

"Basi, tulia," alisema. "Nakuja."

"Utapita wapi?" Bi Herlinda aliuliza, na hakuwa anamdhihaki. Alitaka kujua kweli.

Teyo aliuacha mlango bila hata kuujaribu, aliujua. Akamwambia Rosendo abaki dirishani kumsemesha mgonjwa asilale, na yeye akaizunguka nyumba ile kama ambavyo mwizi angeizunguka. Jiko halikuwa na tundu la kumtosha mtu. Kwenye bafu hata paka hangepenya. Alikuwa amefanya kazi nzuri, na kila hatua aliyopiga aliichukia zaidi kazi hiyo.

Nyuma, kwenye chumba cha kulala, mfereji wa paa ulikuwa umetoboka. Maji ya mvua yalikuwa yamechuruzika miaka mingi juu ya fremu ya dirisha. Rangi ilikuwa nzima, nyeupe, safi. Teyo akaisukuma bisibisi pale skrubu ilipoingilia kwenye mbao. Iliingia hadi mpinini, laini kama inaingia kwenye keki.

Chuma kilikuwa kizima kabisa, ila kilikuwa kimeshikwa na mbao zilizogeuka unga. Mtu yeyote mwenye mikono miwili angeweza kuking'oa, miaka mingapi hiyo, na Bi Herlinda akilala humo ndani kwa amani.

Akavua shati, akalilowanisha kwenye bomba la bustani, akaliviringisha kwenye ncha ya mtaimbo ili chuma kisigongane na chuma. Akaupenyeza nyuma ya grili, akaukandamiza. Skrubu ya chini ilitoka kama jino la mzee. Ya pili ikafuata. Ya juu kulia ililia, ikakubali.

Kutoka mbele alimsikia Rosendo: "Bi Herlinda, si ulisema jogoo wangu anakukera? Haya, nitukane basi. Bi Herlinda?"

Hakuna aliyemtukana.

"Teyo, kanyamaza," Rosendo aliita.

Skrubu ya mwisho ilikuwa imekamata mbao nzima. Teyo aliukalia mtaimbo kwa uzito wake wote, miguu ikaning'inia hewani, goti likawaka moto. Kitu kikakatika. Alifikiri ni mfupa wake. Ilikuwa ni fremu, na grili nzima ikaanguka kwenye nyasi, yeye akiwa chini yake.

Rosendo alikuja mbio, wakaisukuma kando. Wakageuza ndoo, Rosendo akamsukuma kwa bega, na Teyo akaingia kwa tumbo juu ya mabaki ya kioo. Hakuhisi kitu. Kichwa kilikuwa kinazunguka. Alilibeba blanketi kitandani, akalitandika ubavuni mwa Bi Herlinda, akamviringisha juu yake. Maumivu yakamzindua yule mama, akapiga ukelele, na Teyo akashukuru kwa ukelele ule. Akamvuta hadi mlangoni. Akauvuta uzi mweusi shingoni mwake. Ufunguo ulikosa tundu mara mbili. Mara ya tatu kitasa kikazunguka, na hewa ikaingia.

Watu wa zimamoto walikuwa wanashuka getini. Msichana mmoja kati yao alimpokea Bi Herlinda mikononi mwake. Baadaye, akimfunga Teyo bandeji tumboni, aliitazama ile grili majanini.

"Nani aliyeifunga hii?"

"Mimi," Teyo alisema.

Yule msichana alimpa maji, akamtaka akae kivulini.

Bi Herlinda alirudi nyumbani mwezi wa Septemba, anatembelea kigari cha kuegemea. Jambo la kwanza alilomwambia Teyo lilikuwa swali: "Dirisha langu la nyuma liko wazi mpaka lini?"

"Mpaka ukubali komeo la ndani. Na mlango nao. Hakuna ufunguo shingoni tena."

"Na mwizi?"

"Komeo liko mbali na dirisha, mkono wake haulifikii. Na mbao nimeng'oa zote zilizooza. Zamani ndipo angeingia, mama. Angevuta tu."

Bi Herlinda alikigonga kigari chake sakafuni. "Na hukuniambia."

"Sikujua. Sikurudi kuangalia."

Bi Herlinda alikubali, si kwa furaha. Kazi ilipokwisha Teyo alimketisha kitandani, akamwambia afumbe macho na alifungue komeo kama anayetaka kutoka. Mara ya kwanza alichukua dakika nzima, akimlaani fundi na mjomba wa fundi. Mara ya tano zilikuwa sekunde kumi na mbili.

Kuanzia hapo Teyo alianza kugonga milango aliyoitengeneza ujanani, bisibisi mkononi, akidunga mbao na kuwaeleza watu jambo ambalo hakuna aliyependa kulisikia. Wengine walimkaribisha. Wengine walidhani anatafuta kazi, wakamfungia. Katika nyumba sitini na moja alizokumbuka, hadi mwaka uliofuata alikuwa amebadilisha thelathini na nne. Kwa wale waliokataa alipita tena Jumamosi, na Jumamosi iliyofuata.