Doa Nyuma ya Kitanda cha Mama

Doa lilianzia chini, karibu na sakafu, upande ambao mama alilaza kichwa. Masika ya pili baada ya kumzika baba, lilikuwa limepanda hadi usawa wa godoro. Rangi ilibanduka, mama akaanza kukohoa. Nilimsihi ahamie chumba kingine, akakataa. Humo ndimo alimozalia watoto wake, na humo alitaka kumalizia siku zake.

Kaka zangu wawili, wachimbaji wa dhahabu, walikuja kuangalia. Mkubwa aliugusa ukuta akasema, "Tata analia." Kaburi la baba, tata kwa lugha yetu, liko nje ya ukuta huohuo, maana sisi tunazikana nyumbani, na wazee walishanong'ona kwamba hakupewa heshima yake. Basi pombe ya ulezi ikapikwa, mbuzi akachinjwa, kaburi likamwagiwa pombe. Ukuta wenye maji, sisi tukazidi kumwaga. Doa likafika dirishani.

Siku moja nilikuwa nimetoka kwa mume wangu, nimekuja nyumbani Turwa kumuuguza mama, mvua kubwa ikanyesha mchana. Nilichukua mwavuli nikazunguka nyuma. Kaka zangu walikuwa wamelijengea kaburi vigae vyeupe, vizuri kuliko chochote alichowahi kuwa nacho mama, wakalizungushia sakafu pana ya saruji hadi kwenye ukuta wa nyumba. Sakafu hiyo iliinamia upande wa nyumba. Maji yote ya bati yalianguka pale, yakarudi ukutani, yakatuama, matofali yakayanywa. Baba wa watu hakuwa analia.

Niliwaita kutoka mgodini. Nikawaonyesha maji yanavyokwenda, nikawaomba wavunje kile kipande cha karibu na ukuta, wachimbe mfereji.

"Kaburi la tata haliguswi na nyundo," kaka mkubwa alisema. "Na wewe dada umeolewa. Hapa unakuja kusalimia tu."

Nilitaka kuichukua nyundo mwenyewe. Mama alinishika mkono. "Waache, mwanangu. Nitasogeza kitanda."

Akakisogeza katikati ya chumba, mbali na ukuta, na huko kikohozi kikamfuata. Kaka zangu walirudi mgodini wakiwa wameridhika. Mimi niliwachukia, na sioni sababu ya kuficha.

Mama alifariki kabla masika hayajaisha. Ni kifua. Ilibidi alale ubavuni mwa baba, na nafasi iliyokuwepo ni palepale penye saruji. Kaka zangu waliivunja asubuhi moja tu, bila pombe, bila mbuzi, bila kumuuliza mzee yeyote. Walipoanza kujengea kaburi lake nilimsimamia fundi mpaka mteremko ukaelekea migombani.

Mvua zilizofuata, ukuta ulikauka hadi chini. Kaka mkubwa aliingia katika chumba kitupu, akaupapasa kwa kiganja, akanigeukia kwa upole kabisa.

"Unaona, dada? Tata alikuwa anamlilia mwenzake. Sasa ametulia."