Dumu Moja kwa Kila Kichwa

Mtaa mzima ulimwita Mama Foleni, na mwenyewe alishaacha kuitikia jina jingine. Kazi hiyo hakuna aliyemwajiri. Bomba la umma lilikuwa chini kabisa, kwenye kona ya seremala, na maji yalitoka siku tatu kwa wiki, saa wanazozijua wao huko kwenye tangi. Bila msimamizi watu wangetoana macho. Basi yeye alipanga madumu, na kila dumu alilijua kwa makovu yake: lile la mfuniko wa gunzi, lile lililoyeyuka ubavu, lile la bluu la mshona viatu linalovuja nusu njiani na bado linabebwa kwa maringo. Ukilisogeza lako mbele hata kwa ncha ya kidole cha mguu, alikwambia, "Lirudishe lilipolala," nawe ulilirudisha.

Mwanamke huyo hakujua kukaa. Chakula alikila amesimama mlangoni, sahani mkononi, sikio kule chini bombani. Akipewa kiti alikifuta, akakisogeza, akampa mwingine. Kutoka kona ya seremala mpaka mlangoni kwake ni ngazi tisini na sita za mawe, nyingine zimelegea kama meno ya mtoto anayeingia darasa la kwanza. Alizipanda tangu alipoolewa, akazipanda akiwa mjane, na sasa goti la kulia lilikuwa limeanza kumsemesha. Juu huko, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, alikaa na binti yake, watoto watatu wa binti yake, na baba yake mzazi, mzee aliyepooza mguu mmoja lakini mdomo wake mzima kabisa.

Watu sita. Ishike hesabu hiyo, maana ndiyo iliyomtia matatani.

Mwaka mmoja nyuma walipita vijana wa jiji wenye vishkwambi, wanahesabu watu nyumba kwa nyumba. Nyumba nyingi za mtaa wa juu ni za mtu mmoja, na huyo Mwenye Nyumba ana sheria yake: chumba watu wawili, anayezidi anaongezewa kodi, na habari za ofisi za jiji humfikia upesi. Kila mtu alikuwa amezidi. Kwa hiyo siku mbili kabla vijana hawajafika, Mama Foleni alipita mlango kwa mlango.

"Mkiulizwa mko wangapi, semeni wawili."

"Na mama mkwe wangu?" aliuliza mke wa mshona viatu.

"Kaja kutembea."

"Tangu mwaka juzi?"

"Matembezi mengine marefu. Na watoto wapelekeni uwanjani, wakacheze mpaka waitwe."

Siku yenyewe mtaa ulikuwa kimya kama shule wakati wa likizo. Mzee alilazwa nyuma ya pazia na kuambiwa asikohoe. Akajizuia mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, huku Mama Foleni akimwambia kijana wa kishkwambi, bila kupepesa jicho, "Wawili tu, mimi na mwanangu." Vijana walipoondoka, mtaa ulimcheka Mwenye Nyumba kwa wiki nzima, na Mama Foleni alitembea kifua mbele kama aliyeshinda uchaguzi.

Mzee ndiye ambaye hakucheka. Tangu siku hiyo akiletewa uji alisema, "Wa nani huo? Humu ndani mko wawili." Akiulizwa kama amelala vizuri: "Waulize serikali. Mimi sipo."

"Baba, kunywa uji."

"Asiyekuwepo hanywi."

Halafu anakunywa, na anaomba uongezwe.

Sasa njoo kwenye Jumanne ile. Wakazi waliitwa darasani, shule ya msingi, kusomewa mpango wa maji wa jiji. Mama Foleni alikwenda mapema, akasimama ukutani ingawa madawati yalikuwa tele. Mbele palibandikwa ramani kubwa kama shuka, na afisa mipango, msichana mwenye viatu bapa vilivyojaa vumbi, alieleza akifuata mistari kwa kalamu. Mama Foleni aliviangalia vile viatu kwanza. Huyu amepanda ngazi zetu, alijisemea, si wa kuletwa na gari mpaka mlangoni. Akamsikiliza.

Mstari wa bluu ndio bomba jipya. Ulitoka kwenye tangi, ukapita sokoni, ukapita nyuma ya zahanati, ukashuka mpaka kona ya seremala. Hapo ukakoma. Kuanzia hapo kwenda juu palikuwa na vidoti hafifu, kama vya mtu aliyeishiwa wino.

"Na hivyo vidoti?" Mama Foleni aliuliza.

"Hiyo ni awamu ya pili, mama. Baada ya miaka mitano, fedha zikipatikana."

"Kwa nini sisi ndio wa vidoti?"

Afisa hakukwepa. Fedha za mradi ni mkopo, alisema. Jiji litaurudisha kwa bili za watakaotumia maji. Kwa hiyo bomba linapelekwa penye watu wa kutosha kulilipa, na kupanda mlima kunahitaji pampu, pampu inahitaji umeme, kila kitu kina gharama yake. Kipande cha mtaa wa juu kingehitaji watu wasiopungua mia tatu. "Na ninyi," akafunua karatasi, "mko mia moja thelathini na mmoja."

"Nani kasema?"

"Mmesema wenyewe. Ni majibu yenu, nyumba kwa nyumba."

Mke wa mshona viatu alitazama dari. Seremala, ambaye bomba linaishia kwake na hana la kupoteza, alikohoa kicheko akakimeza. Afisa alimalizia kwamba maoni yanapokelewa kwa maandishi, mwisho Ijumaa saa tisa, baada ya hapo mpango unakwenda kwenye kamati ya bajeti na haufunguliwi tena. Wengine waliuliza habari za mifereji. Mama Foleni hakusikia. Miguu ilikuwa imeshamtoa nje.

Siku ile ngazi alizipanda na kuzishuka mara nne bila dumu. Alifua nguo zilizokwisha kufuliwa. Akamwambia binti yake waende kusema kweli, kisha akamwambia wasiende. Wakisema kweli kwa majina, chumba kwa chumba, Mwenye Nyumba atazipata hizo karatasi kabla wino haujakauka, na kodi itapanda kwa kila kichwa. Wakinyamaza, miaka mitano ya ngazi. Binti yake alikuwa ameanza kushika kiuno kila akitua dumu, kama yeye alivyokuwa akishika miaka ile kabla goti halijaharibika. Kitu hicho alikuwa amekiona kwa wiki kadhaa, akajifanya hakukiona.

"Kaa chini, mama, unanizungusha kichwa," binti alisema.

"Nikae wapi? Palipo na nafasi ya watu wawili?"

Kutoka nyuma ya pazia: "Wawili mpo. Mimi msinihesabu."

Ni neno hilo lililomkalia. Usimhesabu mtu, hesabu kitu. Alisimama katikati ya chumba na kitambaa cha kufutia mkononi, na kwa mara ya kwanza siku nzima miguu ikatulia.

Jumatano alikwenda ofisi za jiji. Dirisha la kwanza lilimpeleka la tatu, la tatu likamwambia arudi wiki ijayo. Hakurudi. Alisimama mbele ya mlango wa idara ya mipango mpaka afisa alipotoka kwenda kula, akamfuata mpaka ngazi za nje.

"Mwanangu, kesho saa nne njoo kona ya seremala. Usilete kishkwambi, lete macho."

"Mama, kesho nina kikao."

"Baada ya kikao. Sisi tumezoea foleni."

Usiku ule na asubuhi iliyofuata alipita tena mlango kwa mlango, njia ileile ya mwaka jana, na maneno mengine. Dumu moja kwa kila kichwa. Hakuna jina, hakuna namba ya chumba. Asiye na dumu alete ndoo, asiye na ndoo alete sufuria. Wengine walikubali shingo upande. Mke wa mshona viatu alimpa kidonge chake mlangoni: "Mwaka jana tulidanganya kwa ushauri wako, mwaka huu tunaungama kwa ushauri wako. Mwaka kesho utatuambia tuhame?"

"Nitakwambia. We' leta la mama mkwe wako."

Saa nne foleni ilianzia kwenye kona ya seremala, pale bluu ilipokomea, ikapanda. Madumu ya njano, ndoo za plastiki, mabeseni, makopo ya rangi, birika moja lisilo na mpini, ngazi kwa ngazi, ikapinda kwenye nyumba ya mshona viatu, ikaendelea mpaka mlangoni kwa Mama Foleni na kupita. Yeye alikuwa akikimbia huku na huku akiyanyoosha, maana hata foleni ya madumu matupu hakuivumilia ikiwa imepinda.

Afisa alikuja saa sita kasoro. Alisimama chini akatazama juu. Kisha akatoa kalamu akaanza kupanda akihesabu kwa sauti ya chini. Kwenye mia mbili alipumzika, mkono kiunoni. Mama Foleni hakumpa pole. Alitaka apumzike hapohapo, ajue.

"Na hiki kikombe?" afisa aliuliza karibu na juu.

"Huyo ana wiki tatu."

Mwenye Nyumba naye alikuwa amesikia. Alipanda akihema, funguo zinalia kiunoni, akasimama mbele ya madumu yaliyoegemezwa kwenye ukuta wake.

"Mama Foleni, nyumba yangu hii ina vyumba kumi. Mbona naona madumu arobaini na saba?"

"Madumu hayalipi kodi, mzee."

"Wenye madumu watalipa."

Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa Mama Foleni tangu Jumanne, na sasa lilikuwa limesemwa, mchana, mbele ya watu. Akashangaa kwamba bado anapumua.

"Ongeza," alisema. "Lakini bomba likipita, likivunjika tutakuita wewe kwanza, maana litapita kwenye ukuta wako. Kwa sasa kodi tunakulipa wewe, na magoti tunazilipa ngazi. Siku tukishindwa kupanda utawapangisha mbuzi."

Watu wakacheka, si sana. Mwenye Nyumba alimgeukia afisa. "Litapita ukutani kwangu kwa ruhusa ya nani?"

"Yako, mzee," afisa alisema. "Bila sahihi yako halipiti. Na nyumba yenye maji hupangishwa vingine, hilo unalijua kuliko mimi."

Alilijua. Ungeweza kuiona hesabu ikipanda na kushuka usoni mwake. Hakukubali, hakukataa, alisema atafikiria, akashuka akikwepa madumu kwa uangalifu wa mtu anayeshuku kwamba ni ya wapangaji ambao hakujua anao.

Afisa alimaliza: mia nne na tisa. Kisha akasema jambo ambalo Mama Foleni hakulitegemea.

"Mama, siwezi kupeleka madumu kwenye kamati. Kamati inataka watu. Ninachoweza ni kuomba mhesabiwe upya Jumatatu. Lakini lazima niandike kwa nini hesabu ya kwanza haikuwa sawa, na mtu atie sahihi."

"Andika walikosea wale vijana."

"Walikosea?"

Mama Foleni alitazama chini kwenye foleni. Watu walikuwa wamesimama, kila mmoja karibu na dumu lake, na hakuna aliyemtazama machoni. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa wakisubiri tu kuona kama atasukuma dumu lake mbele.

"Hapana," alisema. "Andika walidanganywa. Na aliyepita milango kuwafundisha watu uongo ni mimi. Lete kalamu."

Alitia sahihi juu ya ndoo iliyopinduliwa, sahihi ile ndefu aliyofundishwa darasa la tatu, herufi zote. Karatasi ikafika ofisini Ijumaa saa nne. Alijua, kwa sababu aliisindikiza.

Jumamosi na Jumapili hakulala sawasawa. Je, kamati ikikataa? Je, Mwenye Nyumba akiwafukuza wote kabla bomba halijafika, akapangisha wengine wenye kuoga kwa maji ya mstari wa bluu? Maswali hayo hayakupata jibu, na mengine hayajapata mpaka leo. Kamati inakaa mwezi wa nne, na sahihi ya ukutani bado haijapatikana.

Lakini Jumatatu vijana wa vishkwambi walirudi, na watoto hawakupelekwa uwanjani. Mlangoni kwa Mama Foleni pazia lilikuwa limefunguliwa tangu alfajiri. Mzee alikuwa amenyolewa ndevu, amevaa shati la harusi ya mjukuu, ameketi kwenye kiti pembeni ya dumu lake, ambalo alikataa liondolewe tangu Alhamisi.

"Humu mko wangapi?" kijana aliuliza.

Mama Foleni alifungua mdomo. Mzee akakohoa. Alikohoa kikohozi kirefu, cha mwaka mzima, mpaka kijana akarudi nyuma hatua moja, kisha akajifuta midomo na kusema, "Anza na mimi. Andika umri, nimesahau kidogo lakini tutauhesabu pamoja. Mguu mmoja mbovu, andika. Na uji nanywa mara mbili."

"Uji hauna mahali hapa, babu."

"Basi ongeza mahali."

Mama Foleni hakusubiri mwisho wake. Alishafika kwa mke wa mshona viatu, anagonga.

"Mama mkwe wako yuko wapi?"

"Kaenda kutembea."

"Leo?"

"Leo ametembea kweli. Sokoni."

"Mfuate," alisema Mama Foleni, na bila kungoja jibu akageuka na kuanza kushuka ngazi mwenyewe, goti linasema, yeye halisikilizi.