Siku Nilipoitikia Jina la Marehemu

Nilisoma jina langu kwenye orodha ya marehemu nikiwa nimesimama kwa miguu yangu miwili, mzima kabisa, natafuna karanga.

Karanga zikanikwama kooni.

MWANABARAKA MARIJANI. Limechorwa ukutani kwa rangi nyeupe, la tatu kutoka juu. Chini yake: alifariki kazini, 1963.

Ndiye mie huyo. Huyu huyu anayewaandikia hapa.

Mwaka ulikuwa 1975. Kile kiwanda cha zamani cha karatasi kule Temeke kilishafungwa kitambo, mashine zimeota kutu. Ikaamuliwa kisibomolewe. Kiwe makumbusho, watu waje waone wafanyakazi walivyotoka jasho enzi za tajiri. Sie akina mama wa tawi la chama tukapelekwa kutembea.

Wenzangu wanashangaa mashine. Mie nashangaa kifo changu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mwaka 1963 Uhuru tulikuwa nao, ila kiwanda bado cha tajiri. Karatasi ya pale ilitengenezwa kwa matambara. Sie wanawake tunakata vifungo na mapindo, halafu yanaenda kuchemshwa na dawa kwenye tangi moja kubwa, linanguruma kutwa nzima.

Kadi yangu ilikuwa namba 114. Ukikosa siku moja bila ruhusa, inachanwa. Na getini wamejaa wanaoitamani.

Chumba cha jirani alikaa Yuliana, binti wa kutoka Ndanda, kaja mjini kwa kaka yake Polikarpo, mchonga vinyago. Kazi hana. Tulipatana mpaka watu wakadhani ndugu.

Alhamisi moja nikamwambia, "Shoga, leo naumwa. Nishikie zamu."

"Nyapara akinigundua je?"

"Yule hasomi sura. Anasoma namba tu."

Akacheka. Akajifunga kanga yangu kichwani, akachukua kadi, akaenda.

Saa nane mchana tangi likapasuka.

Walikufa wanawake wanne. Yuliana tulimzika wenyewe, mie na Polikarpo na watu wao wa kusini. Kesho yake nikamfuata nyapara, bwana mmoja akiitwa Gaspar, nikamweleza aliyekufa ni nani.

Wala hakushtuka. Akasema, "Nyamaza. Kumpa mtu kadi yako ni jela. Kitabuni nitarekebisha mwenyewe."

Nikanyamaza. Sikukanyaga tena kiwandani. Miaka kumi na miwili nikaamini karekebisha.

Kumbe hola.

Basi, siku ile ya karanga, nikatoka ukutani moja kwa moja hadi ofisi ya msimamizi wa makumbusho, kijana mmoja anaitwa Ndugu Nikodemu. Suti ya Kaunda imepigwa pasi inasimama yenyewe.

"Ndugu, pale ukutani kuna kosa. Marehemu wa tatu ni mie."

Akacheka. "Majina hufanana, mama."

Nikaeleza yote, nikatoa na kadi yangu ya chama. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma. Kicheko kikakatika. Akainuka, akafunga mlango.

"Mama, Jumamosi anakuja mgeni rasmi kutoka wizarani. Ukuta umeshakaguliwa. Unafanya kazi wapi?"

"Napika chai, ofisi ya serikali."

"Basi endelea kupika chai. Ukifungua mdomo unajishtaki mwenyewe. Na hiyo kazi utaiaga."

Nisiwadanganye, niliogopa. Siku mbili chai yangu ilikuwa haina sukari, mabosi wanalalamika. Lakini kila nikikaa nawaza kitu kimoja: Yuliana kafa kwa jina langu, na sasa ananyang'anywa hata kifo chake.

Jumamosi nikavaa gauni langu la Idi nikaenda.

Umati ulijaa hadi nje. Mgeni rasmi, bwana mmoja wa makamo, kakaa mbele. Ndugu Nikodemu akashika karatasi, akatuomba tusimame kwa heshima wakati anasoma majina ya mashujaa wetu wa kazi.

"Adelina Albano."

Kimya.

"Anastasia Kasimiri."

Kimya.

"Mwanabaraka Marijani."

"Nipo!"

Weee! Shingo zote zikageuka. Kuna bibi alikimbia, walahi, akaacha kiatu.

Walinzi wawili wakanijia mbio. Nikapiga kelele, "Niacheni! Tangu lini marehemu anakamatwa?"

Watu wakaangua kicheko. Mgeni rasmi hakucheka. Akainua mkono. "Mwacheni aseme."

Nikasema. Kadi, kanga, nyapara, yote. Jina la Yuliana nililitaja mara tatu, kwa sauti, lipate kusikika hadi barabarani.

Mgeni rasmi akaniuliza kwa upole, "Na siku hiyo, mama, ulikuwa unaumwa nini?"

Ningeweza kusema homa. Nani angejua?

"Sikuwa naumwa, ndugu mgeni rasmi. Nilikuwa harusini Kigamboni. Nilimdanganya. Nilikuwa nacheza ngoma wakati mwenzangu anaungua."

Ukumbi mzima ukaguna.

Ndugu Nikodemu akaona pa kuokoa shughuli yake. Akakohoa. "Samahanini, tuendelee. Wa nne na wa mwisho. Zuena Sadallah."

"Na mie nipo!"

Sauti imetoka nyuma kabisa. Mwanamke wa rika langu, kavaa baibui, machozi yanamchuruzika, anapasua watu kuja mbele. Nilimkumbuka kwa mbali, alikuwaga upande wa kukaushia.

"Aliyekufa kwa kadi yangu anaitwa Tabu Mwinyikombo," akasema. "Nyapara aliniambia ninyamaze, atarekebisha. Miaka yote hii nilidhani ni mie peke yangu duniani niliyefanya hivi."

Akanishika mkono.

Wanne ukutani, wawili tuko hai.

Jumatatu nikaitwa ofisini kwetu. Barua ya onyo, nikatolewa jikoni nikapelekwa kufagia ngazi. Jela hakuna aliyenipeleka. Ila ukuta nao haukuguswa. Ndugu Nikodemu kila siku anasema suala liko kwenye kamati.

Tukasema sawa. Mie na Zuena tukawa tunakwenda kila Jumamosi, tunasimama chini ya yale majina. Mgeni akiingia, tunamsalimia: "Karibu, ndugu. Hao wawili wa chini ndio sie. Waliokufa kwa kadi zetu hawajaandikwa." Ndugu Nikodemu alijaribu kutufukuza. Tukatoka, tukakata tiketi upya, tukaingia.

Wiki ya tisa fundi rangi akaja.

Ndugu Nikodemu akaniuliza, kachoka kwelikweli, "Niandike Yuliana, basi?"

"Andika Yuliana. Na chini yake andika: alikuwa kazini kwa kadi ya Mwanabaraka Marijani."

"Mama, hiyo itakuaibisha mpaka kwa wajukuu."

"Aibu ni yangu. Andika."

Fundi akaandika, na la Tabu pia.

Nikamtumia ujumbe Polikarpo. Akaja, bado na vumbi la mpingo nguoni. Akasoma lile jina polepole, herufi moja moja, kisha akasoma na mstari wa chini.

"Wewe uliniambia ulikuwa mgonjwa," akasema.

"Nilikuwa harusini, kaka."

Nikanyoosha mkono. Hakuupokea. Akavaa kofia yake, akaondoka, na mpaka anafariki hakuwahi kunisemesha tena.

Sikumlaumu hata siku moja.

Watu huniuliza kama nilijuta. Sijajuta. Ninachowaambia ni hiki: usiseme ukweli kwa kutegemea utasamehewa, maana huenda usisamehewe kabisa. Useme hivyo hivyo, hata wakutishe, hata sauti ikukauke. Jina la mtu ulilokaa nalo ni la mwenyewe. Mrudishie.